Vigingi Vyekundu vya Mto Msolo

Jumapili, 3 Machi 2024

Magoti yamekataa safari, basi nimeamua kuuchunguza mto ulio nyuma ya choo changu.

Nimeipima mito ya nchi hii kwa miaka thelathini na moja, kina chake na kasi yake. Mwaka 1988 nilishuka korongo la Kalambo kwa kamba, wakati wanaume wawili wa kikosi chetu walibaki juu wakidai wanalinda mizigo. Kule chini kuta zinapanda mpaka mbingu inakuwa ufito, na kwenye kuta hizo wanataga ndege wale wakubwa wenye vipara ambao nao huitwa korongo. Nikaandika kwenye daftari la kazi, "Korongo wamo korongoni." Bosi wangu akalikata lile neno kwa kalamu, akasema hapa si mahali pa mashairi. Kando ya mto Ruhudji nililala majuma matatu nikiwa na sufuria moja na dawa ya kuhara. Sikupata mume wala mtoto katika safari hizo, na kusema kweli sikuwatafuta.

Leo niko Mtoni, Temeke, na mto nilionao ni Msolo, ambao majirani zangu wanauita mtaro. Mtaro huchimbwa na mtu. Msolo umeshuka wenyewe kutoka vilima vya Pugu, na nyuma ya nyumba zetu umejichimbia korongo la mita saba kwenda chini. Kiangazi humo hupita maji ya kufulia na pampasi za watoto. Masika hupita mto.

Nimepigilia vigingi kumi na viwili vya mti, kila kimoja hatua kumi kutoka ukingoni. Hapo ndipo ninapodhani mto utafika masika haya. Vichwa nimevipaka rangi nyekundu iliyobaki nilipopaka mlango, na namba nimeziandika kwa nyeupe. Nitapima kila siku nione korongo linakula ardhi kiasi gani. Ni kazi yangu ya mwisho, nataka iwe nzuri.

Jumanne, 5 Machi

Manyunyu. Kigingi namba 7, penye kona, ukingo umepungua kiganja kimoja.

Jumapili, 10 Machi

Leo ulikuwa mkutano wa mtaa. Nikasimama. Nikawaeleza kwamba penye kona maji hula upande wa nje, na upande wa nje ndio wetu. Yanaanza kula chini, juu panabaki pazima, mtu anapita na ndoo yake akijua yuko salama. Nikasema masika haya kona ile itakwenda hatua kumi, kwa hiyo anayeishi pale asisogeze hata banda la kuku nyuma.

Mjumbe wetu wa shina ni Benedikto, mchomea mageti wa Chang'ombe, mtu ambaye hajawahi kusema jambo kwa sauti ya kawaida. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Bimkubwa, tunakushukuru. Lakini ule ni mtaro. Mtaro hauna kona, una uchafu tu." Watu wakacheka. Akaona mboga imekolea chumvi, akaongeza, "Jamani, Bi Koku mito yote ya Tanzania kalala nayo. Mwanaume ndo hajampata!"

Walicheka wazee, walicheka watoto. Kornelio wa duka la mkaa alicheka mpaka akakohoa. Lakini mimi nilimwona Bupe. Bupe ni mwalimu wa darasa la tatu, mtu wa Tukuyu, ukuta wake unapakana na wangu na nyumba yake ndiyo iko kwenye kona. Maji yakikatika huchota kwenye tangi langu. Alicheka huku amemshika jirani yake bega asianguke.

Nikaketi, nikatazama kandambili zangu mpaka mkutano ukaisha. Naandika hapa nisije nikasahau: kuhusu mto huu sifungui mdomo tena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na miguu si yangu.

Jumatano, 13 Machi

Jua kali. Hakuna la kupima.

Jumamosi, 16 Machi

Bupe kaja na sahani ya magimbi, imefunikwa vizuri kwa kitambaa. Ni mara ya kwanza tangu tuwe majirani.

"Shikamoo, Bi Koku."

"Marahaba."

"Samahani mama, hivi watu wa mradi walikuja lini? Mbona sie hatukuwaona?"

"Watu gani?"

"Wa mradi wa mto. Si wameweka vigingi? Tena vina namba kabisa. Mjumbe kasema vile ni vya fidia. Aliye ndani ya vigingi analipwa, aliye nje imekula kwake."

Jibu nilikuwa nalo. Vigingi ni vyangu, Bupe, mti nilinunua kwa Kornelio. Lilifika kwenye meno. Kisha nikauona tena ule mkono wake kwenye bega la jirani.

"Mie sijasema kitu," nikamwambia.

Hapa Dar mtu akikwambia hajasema kitu ujue keshasema chote. Bupe akaangalia mlangoni, akateremsha sauti. "Hujasema, mama. Nimeelewa." Akanikonyeza, akaondoka mbio mpaka akasahau sahani.

Magimbi yalikuwa matamu. Nimeyamaliza yote.

Jumatatu, 18 Machi

Vigingi vimeanza kutembea. Namba 3 nimeikuta nyuma ya jiko la Kornelio, hatua thelathini kutoka ukingoni, ili nyumba yake yote iwe ndani. Namba 9 imo uani kwa Benedikto, kaizungushia mawe. Namba 7 peke yake haijaguswa, kwa sababu Bupe ana eneo la kutosha upande wa mtoni na nia yake ni kujenga.

Nimecheka peke yangu mpaka nikalazimika kukaa. Kila nilipopigilia kigingi nilikuwa nimefukia msumari chini yake, nimezoea kazi na watu. Vipimo vyangu viko salama. Watu wanaburuta mpaka wa mto kuuingiza majumbani mwao kwa mikono yao, na hakuna aliyewalazimisha.

Ijumaa, 22 Machi

Bupe anajenga. Tofali zimeshuka jana, leo ukuta uko kiunoni. Chumba kimoja, hatua nne kwa nne, kati ya kigingi namba 7 na korongo. Nyuma yake zimebaki hatua tano na nusu. Sakafu wamejazia taka na viroba vya mchanga, na mchanga wenyewe wameutoa mtoni chini ya ukingo huohuo. Ni kama kukata miguu ya kitanda ili upate mbao za kukirefusha.

Jumapili, 24 Machi

Ng'ambo ya korongo anakaa Husain Bandali, Mhindi mmoja mzee aliyeuza nondo na misumari maisha yake yote kabla ya kumwachia duka mwanawe. Leo kazunguka kwa daraja, amefunga Ramadhani, midomo mikavu, akaomba nimweleze mto utafanya nini. Hakutania wala hakunikatiza. Nilimchorea kwa chaki sakafuni. Upande wake uko salama isipokuwa stoo moja na tangi la maji.

"Basi stoo naivunja kesho," akasema. "Mke wangu Kaneez atanung'unika, lakini atazoea. Na wenzako wa upande huu, Bi Koku, umewaambia?"

"Nimewaambia."

Tarehe kumi niliwaambia kweli. Lakini yeye aliuliza la leo, nami nikamjibu la tarehe kumi.

Jumapili, 31 Machi, Pasaka

Baada ya ibada Benedikto katangaza kwamba mthamini hahesabu pagale. Anahesabu nyumba yenye mtu ndani, mwenye kitanda na sufuria. Kaipata wapi habari hiyo hajui mtu, ila kaisema kwa sauti kubwa na imetosha. Jioni nimemsikia Bupe kupitia ukutani akiongea na simu, kwa Kinyakyusa, kwa sauti laini ambayo sijawahi kumsikia akiitumia.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua kubwa asubuhi. Namba 7 imeliwa hatua moja.

Jumamosi, 6 Aprili

Mtu wa kuhesabiwa kafika. Ni mama mzazi wa Bupe, anaitwa Vaileth, miaka sabini na mbili, mnene, miguu imevimba kwa safari. Wamemwingiza kwenye chumba kipya moja kwa moja. Plasta haijakauka. Wamempa kitanda, sufuria mbili na picha ya Yesu. Mlango wake umetazamana na kigingi.

Watu wa kucheka kwenye mikutano ndivyo walivyo. Hata mama anageuzwa fanicha.

Jumatatu, 8 Aprili

Nilikwenda kupima nikamkuta yuko nyuma ya chumba, amesimama ukingoni kabisa, anasikiliza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mto huu una njaa."

Nikauliza kajuaje. Akasema kazaliwa karibu na Kijungu, pale mto Kiwira unapojitupa ndani ya mwamba ukazunguka na kuchemka kama pombe. Alipokuwa msichana walikuwa wanapita juu ya Daraja la Mungu, lile la mwamba, na mizigo ya ndizi kichwani, na bibi yake alimfundisha kwamba mto ukinguruma hauna neno, mto wa kuogopwa ni ule unaotafuna kimyakimya. "Huu unatafuna," akasema. "Sikiliza chini."

Nilisikiliza. Miaka thelathini na moja nimetumia vyombo, na mama huyu kausikia mto kwa masikio yake mawili. Niliketi naye mpaka adhuhuri. Nikamsimulia Kalambo, kamba, wale wanaume waliolinda mizigo. Alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kwenye masimulizi, hakikuwa kwangu. Akaniuliza kama ndege wale walinuka. Hakuna mtu amewahi kuniuliza hilo, na kweli walinuka sana.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Kwa Dada Vaileth. Tumekula maharage.

Ijumaa, 12 Aprili

Namba 7 imeliwa hatua tatu sasa. Nyuma ya chumba zimebaki mbili na nusu.

Leo nilimwuliza, "Dada, kama unausikia mto, mbona unalala hapa?"

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Bupe alitoka nyumbani miaka tisa iliyopita. Msiba wa baba yake hakuja, alituma sanda. Juzi kapiga simu akasema, mama, nakuhitaji. Mdogo wangu, wewe huna mtoto, hulijui neno hilo linavyoingia. Nilikuwa nimepanda basi kabla hajamaliza kusema."

"Anakuhitaji uhesabiwe."

"Najua. Ng'ombe naye huhesabiwa na bado anapewa majani." Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa nje. "Watu wa vigingi wakishapita, ataniambia nirudi Tukuyu. Basi wasifike mapema."

Hapo ndipo ningesema. Vigingi ni vyangu, dada, hakuna atakayepita, jioni hii tukusanye sufuria zako uje kwangu. Nikaona atakavyonitazama. Kwa miaka mingi huyu ni mtu wa kwanza kuniona kuwa mtu wa mito na wala si kichekesho, na nilitaka aendelee kuniona hivyo walau wiki moja. Nikamsaidia kuchambua mchele, nikaenda zangu. Nimeona aibu njia nzima, na njia yenyewe ni hatua ishirini.

Jumapili, 14 Aprili

Jua. Nikajiambia mvua huenda ikapungua. Miaka thelathini na moja ya kazi, nami najiambia upuuzi wa namna hiyo.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Duka la mkaa la Kornelio limeingia maji.

Jumanne, 23 Aprili

Imebaki hatua moja na nusu, nayo ni ya juujuu. Nilishuka upande wa kwa Husain nikatazama: chini ya chumba pameliwa ndani kiasi cha urefu wa mtu. Sakafu imekaa juu ya viroba, na viroba vimekaa juu ya hewa.

Nilimsubiri Bupe atoke shule, nikamshika mkono mlangoni kwake.

"Vigingi ni vyangu," nikamwambia. "Nilivipigilia mimi, tarehe tatu Machi. Hakuna mradi. Hakuna mthamini. Mtoe mama leo."

Akanitazama. Akaanza kutabasamu, tabasamu la mwalimu aliyemkamata mtoto na karatasi ya majibu.

"Wamekuambia wanakuja lini?"

"Bupe, nasema vigingi—"

"Mama, mie si mtoto. Siku ile ulijua, ukanidokeza. Leo wamekaribia ndo unaniambia nitoke? Chumba kikikutwa kitupu nani ataandikwa kama si wewe? Ukuta si wako na wangu umeshikana?" Akautoa mkono wangu polepole, kwa adabu. "Nakuheshimu sana, Bi Koku. Ila kwa hili, hapana."

Nilipomdanganya kwa maneno matatu aliniamini mpaka akanunua tofali. Leo nimesema kweli yote na nimeonekana mwizi. Nimerudi ndani nikakaa kitandani na viatu vya matope.

Ijumaa, 26 Aprili

Naandika ya jana. Nitaandika kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa.

Mvua ilianza saa kumi na moja alfajiri na haikupumua. Saa tatu asubuhi Msolo ulikuwa umejaa nusu ya korongo, rangi ya chai ya maziwa, unabeba magodoro na mgomba mzima uliosimama wima. Bupe alikuwa shule. Nilikwenda kwa Dada Vaileth, nikamkuta kakaa kitandani, kajifunga kanga mbili, mlango wazi.

"Dada, ukingo umeliwa kwa chini. Twende kwangu."

"Bupe kanikataza kutoka. Kuna habari kwamba wanapita leo."

"Kwa mvua hii?"

"Kanikataza, mdogo wangu. Kasema nisitoke hata kwa kwenda chooni, kaniletea ndoo."

Nikamvuta mkono. Mimi ni kijiti, yeye ni gunia la viazi. Alicheka, akanivuta yeye, nikaangukia kitandani kando yake. Tulicheka wote wawili, Mungu anisamehe. Na hata pale, bega kwa bega naye, sikusema kwamba vigingi ni vyangu. Kwa mwanawe niliweza. Kwake nilishindwa.

Nikafikiri, kwa kuwa nilikuwa natafuta njia ya kutosema, kwamba vigingi vikiondoka watu watatoka. Nilichukua panga nikaanza na namba 7, mbele ya mlango wake. Nikang'oa namba 8. Nikaenda uani kwa Benedikto nikapiga teke mawe yake, nikang'oa namba 9. Nilikuwa napiga kelele kwamba hakuna fidia, hakuna mradi, tokeni. Wakatoka kweli, ila walitoka kunikamata mimi.

"Bimkubwa kachanganyikiwa!" Kornelio alisema.

"Hajachanganyikiwa," Benedikto akajibu. "Keshapewa lake, sasa anatuharibia sie. Hiyo mali ya serikali mama, unajua kifungo chake?" Akaninyang'anya panga. Aliniita mama, akanishika kwa mikono miwili kama mtu anayebeba kioo, na kwa adabu hiyohiyo akanifungia kwenye kibanda cha ulinzi shirikishi, akatia kufuli nje. "Ukipoa nitakufungulia."

Kibanda kina benchi moja na dirisha la wavu linalotazama barabara. Nilipiga bati mpaka viganja vikachanika. Mwanamke mmoja akapita na mwavuli, nikamwambia nenda kwa Bupe, chumba cha nyuma, kuna mama. Akaniambia, "Pole, bibi," akapita.

Mara mbili kwenye maisha yangu nimesikia ukingo ukianguka, Kilombero na Ruhudji, na mara zote mbili kulikuwa na mngurumo wa kutosha mtu kukimbia. Huu haukunguruma. Ilikuwa yapata saa tisa mchana. Nilisikia kishindo kimoja kifupi, kama mtu katua gunia sakafuni. Kukawa kimya kidogo, mvua peke yake. Halafu wakaanza wanawake.

Benedikto mwenyewe ndiye aliyekuja kufungua. Ufunguo ulimwanguka mara mbili.

Nilikwenda. Pale palipokuwa na chumba palikuwa na hewa na mvua. Mlango ulikuwa umebaki juu, umesimama kwenye fremu yake, umefungwa sasa, sijui na nani. Bupe alifika kutoka shule na chaki mkononi. Aliufungua ule mlango. Watu wanne ndio waliomshika kiuno.

Jumamosi, 27 Aprili

Wana wa Husain wamempata, chini, kwenye mikoko karibu na daraja. Kanga moja ilikuwa bado imemfunga.

Jumatatu, 29 Aprili

Wamemrudisha Tukuyu.

Jumamosi, 4 Mei

Sikwenda msibani Tukuyu. Nilitoa rambirambi, nikasingizia magoti.

Wameanza kuniamkia. Watu wasiowahi kuniona wanasimama njiani. "Shikamoo, Bi Koku. Bi Koku alisema, sie ndo tuliziba masikio." Kornelio kavunja banda lake na kalisogeza pale nilipomwonyesha. Benedikto kaleta kuku, hai, kamfunga miguu kwa kamba ya viatu, na kuniita mtaalamu mbele ya watu. Anasema siku ile nilijitolea maisha. Nilitaka kumtemea mate. Nilimpokea kuku.

Niliyoyataka tarehe kumi Machi nimeyapata yote. Sasa nikisema mto utapita hapa, hakuna anayecheka.

Ni Husain peke yake ambaye hajaja kunipongeza. Leo alisimama ng'ambo, jua limetoka, mto umerudi kuwa uzi. Hakupaza sauti. Alisema, "Uliniambia umewaambia, nami nikawaona wanazidi kujenga." Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, na Kaneez akafunga dirisha.

Ijumaa, 10 Mei

Bupe karudi. Nyumba yake kubwa ina ufa unaopitisha mkono, manispaa wameipiga alama ya X. Kaja na mabegi mawili, akapiga magoti sebuleni kwangu kama wanavyofanya kwao. "Mama, ulinishika mkono nikautoa. Sina pengine pa kwenda, wala sistahili." Nikamwambia chumba kipo.

Jumatano, 15 Mei

Anaamka kabla yangu. Anafagia, anachemsha maji, ananikanda magoti kwa mafuta ya nazi. Ananiita mama. Anapika maharage vilevile alivyopika mama yake, nami nayala.

Jumatano, 22 Mei

Hakuna mvua. Hakuna la kupima. Napima hata hivyo.

Jumapili, 2 Juni

Sikuweza tena. Baada ya kanisa alikuwa anakunja nguo kitandani kwangu. Nikafunga mlango, nikabaki nimesimama.

"Bupe, ile Jumanne nilikuambia vigingi ni vyangu. Nilikuwa nasema kweli. Na siku uliyoleta magimbi nilijua unachofikiri, nikakuacha ufikiri. Ulinicheka mkutanoni, basi nikakuacha ujenge. Halafu mama yako nilikaa naye siku zote zile na sikumwambia."

Aliendelea kukunja. Shuka, kanga, gauni langu la buluu. Nilifikiri hajasikia.

"Najua," akasema. "Nilijua pale ulipokuwa umenishika mkono. Moyo ulijua. Mdomo ndo ulikataa, nilishakopa hadi saruji." Akaliweka gauni juu ya mengine, akalilainisha. "Niliporudi Tukuyu, baba mdogo kaniuliza mbele ya ukoo mzima, mama yenu kafia nini? Nikamwambia kafia kwenye mradi wa serikali. Wakanyamaza, wakaona ni kitu. Sasa ukiniambia vijiti vyako, mie niliwaambia nini? Nilimtoa mama yangu Tukuyu kwa ajili ya vijiti?"

Nikasema anitukane. Nikasema aende polisi, nitamsindikiza mwenyewe.

"Sitaki." Akainua uso, na kwa mara ya kwanza nikaona anafanana na mama yake. "Nakuomba jambo moja tu. Viwe vya serikali. Watu wakikuuliza, na mie nikikuuliza, viwe vya serikali. Mama, naomba."

Nimewaambia watu ukweli ukadharauliwa, na nimewaficha ukweli mtu akafa. Sikujua kuna siku mtu ataniomba uongo.

"Ni vya serikali," nikasema.

"Walikuja lini?"

"Jumatatu. Wewe ulikuwa shule."

"Walikuwa wangapi?"

"Wanne. Walikuwa na gari jeupe."

Akakaa kitandani, juu ya nguo alizozikunja, akafumba macho. Akaniuliza kama walivaa yale makoti ya njano. Nikamwambia walivaa, wote wanne.